Miti ya Kipoyi

Kasongo, tarehe 9 Juni 1949

Kwa baba yangu mheshimiwa, Sultani Faradji, Kabambare,

Pokea salamu za mwanao. Mimi ni mzima, ila mikono imechoka kwa kazi. Hujambo wewe, hajambo mama Nuru? Miguu yako bado inakufa ganzi?

Barua yako nimeipata. Unaniamuru niache hospitali, kwa kuwa mtoto wa sultani hapigi magoti kukanda miguu ya watu. Baba, siachi. Masera Régina, mtawa anayetufundisha kazi hii ya kunyoosha viungo, anasema sindano peke yake haiushindi ugonjwa wa sukari kama wako. Lazima mwili utembee. Mimi nawasimamisha wagonjwa, nawatembeza, na kila jioni nakagua nyayo zao, maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba.

Juma lililopita nilimfundisha mzee mmoja wa Nyangwe kusimama kwa mguu mmoja. Wa pili umekatwa. Aliniambia, "Mutoto, walinibebaka miaka kumi, mpaka mugulu ikasahau kazi yake." Nikakuona wewe juu ya kipoyi, kiti chako cha miti miwili mirefu, wanaume wanne wakikubeba mabegani hadi barazani, safari isiyomaliza hata sigara moja. Unasema Bwana Mkubwa wa terita, Mzungu anayetawala wilaya yetu, naye hubebwa. Abebwe tu, yeye hana sukari.

Unalalamika kwamba tangu miti ya kipoyi iibiwe unatembea kama mtu yeyote: siku ya kwanza ulipumzika mara saba, sasa mara mbili. Soma tena maneno yako mwenyewe, baba. Sijawahi kufurahia hasira zako namna hii.

Lakini umemfukuza Placide, mbebaji wako wa mbele, ukimwita mwizi. Mrudishe. Miti niliichukua mimi, siku ile tulipoagana, nikaifunga juu ya kamyo ya mpunga, lile lori lililonileta huku, nikanyamaza kwa woga. Kwa Placide naona haya. Kwa miti sijuti, na ukichonga mingine nitaichukua pia.

Iko hapa wodini, tumeifunga sambamba, kimo cha kiuno. Mzee wa Nyangwe anaishika kwa mikono miwili akijifunza kutembea. Ukiitaka, njoo uidai mwenyewe. Kutoka kamyo inaposimama hadi mlangoni ni hatua mia mbili, na hapa hakuna wa kukubeba.

Msalimie mama, na mwambie Placide anisamehe.

Mimi mwanao mkaidi, ninayekungoja mlangoni,
Yakubu