Kompyuta ya Wening Haiuzwi

Tahunan, Jepara
10 Machi 2019

Mwanangu Sugeng,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu linalojifanya limezeeka kabla yangu. Wewe je, kifua kimepona? Unakula? Usinijibu "nakula" tu kama kawaida yako, niambie unakula nini. Nakuandikia kwenye simu badala ya kukutumia sauti kwa sababu najua mnalala wengi chumbani, na sauti ya mama yako ikianza, Penang nzima inaamka.

Kadi ya picha ya kompyuta uliyomtumia mdogo wako Wening imefika. Kaitoa kwenye boksi kama anapokea mtoto mchanga. Akaifungua ile kompyuta aliyoiunda mwenyewe, akachomoa kadi ya zamani, akaweka mpya, akaongeza na vipande vya kumbukumbu, skrubu zote kafunga kwa mkono wake. Mimi nilishika tochi. Kwa hiyo hata mimi nimeunda kompyuta, na ndivyo nilivyowaambia sokoni. Sasa mlango wa mtiki aliouchora unageuka kwenye kioo, unaona ua lililochongwa, unaona mpaka kivuli ndani ya jani. Bu Lisna, yule mama mwenye karakana ya milango, alipouona alinyamaza, na wewe unamjua Bu Lisna, hajanyamaza tangu azaliwe. Amempa Wening kazi ya kuchora milango yake yote anayouza nchi za nje, aikabidhi kabla ya Ramadhani. Akiridhika, Wening atakuwa mchoraji wake wa kudumu. Nani mwingine hapa Tahunan ana binti wa namna hii?

Lipo jambo moja dogo. Tangu kadi mpya iingie, kompyuta inajizima. Haitoi onyo. Mlango unageuka vizuri, halafu giza, halafu inajiwasha yenyewe kama mtu aliyeshtuka usingizini, na kazi yote imepotea. Wening ametoa kumbukumbu akajaribu moja moja. Kapima joto, si joto. Kafuta programu zote akaanza upya. Wapi. Na Bu Tumini jirani, mdomo wake ule unaujua, kaanza kutangaza kwamba inajizima kila adhana ikilia. Nimemwambia, "Basi ina dini kuliko mumeo. Yeye adhana ikilia ndiyo kwanza anawasha sigara."

Usiwe na wasiwasi. Mdogo wako atapata tu.

Mama yako


Bayan Lepas, Penang
24 Machi 2019

Mama yangu,

Waalaikumu salamu. Pole na goti, lipake mafuta yale ya moto niliyokuletea. Kifua kimepona. Nakula wali na yai, siku ya mapumziko nakula samaki, kwa hiyo usinigombeze.

Mama, Pakde Warsito amenipigia simu, na unajua yeye kama kaka mkubwa wa marehemu baba hapigi simu bure. Habari za kompyuta zimemfika. Watu wanasema nyumba yetu ina kitu kinachokimbia adhana. Hata huku, wenzangu waliotoka kwetu wananiita "kaka wa jini". Nacheka nao, lakini inaniuma. Kadi ile nimeinunua kwa kusimama kiwandani zamu mbili mfululizo. Sikuinunua ili tusemwe.

Wening hajasomea mambo haya, kayajua kwa kuangalia video. Kila siku anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, na hajui anachotafuta. Bagas, mtoto wa Pakde, yuko tayari kuinunua hivyo hivyo ilivyo. Na kile kiwanda cha viatu cha Mayong kitaajiri wasichana baada ya Idi, Pakde anamjua msimamizi. Mshahara wa mwezi, Mama, haujizimi.

Baba hayupo. Mimi ndiye niliye katika nafasi yake, na lazima mtu aamue. Iuzeni.

Mwanao,
Sugeng


Tahunan
3 Aprili 2019

Sugeng mwanangu,

Salamu nyingi, na afya tunamshukuru Mungu. Barua yako niliirudia tena leo nikiwa nakaanga tempe, na tempe imeungua. Wewe ndiye uliyeiunguza.

Nikueleze jambo kwanza, kukugombeza kutafuata.

Jumatatu asubuhi, hakuna adhana wala dalili ya adhana, kompyuta ikazima. Mimi nilikuwa jikoni. Nikaona taa imefinya jicho, mwanga umefifia, na huko uani nikasikia pampu yetu inaunguruma. Nikatoka. Wanawake walikuwa wanaosha mikeka ya msikiti kwa yale maji ambayo baba yako aliyavuta kutoka kisima chetu ili watu watawadhe bure. Nikavuta kiti nikakaa palepale kama askari. Koki ya msikitini ikifunguliwa, pampu inajiwasha. Pampu ikijiwasha, taa inafinya jicho. Taa ikifinya jicho, namsikia Wening ndani anasema, "Ya Allah, tena?" Ndiyo maana wakasema adhana. Adhana ikilia, watu si ndipo wanapokwenda kutawadha? Jini wetu ni pampu, mwanangu.

Nikamwita mdogo wako, akashika kichwa. Akanieleza mara mbili mpaka nikaelewa, kwa hiyo na wewe utaelewa. Kadi mpya inakula umeme mwingi kuliko ile ya zamani, lakini pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, ni kilekile. Zamani pampu ikivuta umeme wa nyumba kwa pupa, kisanduku kilikuwa kinavumilia. Sasa mzigo umekifika shingoni, kikitikiswa kidogo tu kinaangusha kila kitu. Jana akafunga koki ya kwenda msikitini asubuhi nzima, makusudi, ili ahakikishe. Kompyuta haikuzima hata mara moja. Imamu akaja kuuliza maji yako wapi. Nikamwambia, "Yako kwenye majaribio, Imamu."

Sasa magombezi. Eti hajasomea. Mimi nimeishia darasa la nne, na nimewalea nyinyi wawili hamjazima hata siku moja. Huyo Pakde wako, tangu tumzike baba yako hajawahi kuniuliza tunakula nini, leo anajua mpaka kompyuta yangu inazima wakati gani. Mwambie haiuzwi.

Mama yako


Bayan Lepas
4 Aprili 2019

Mama,

Salamu. Mimi mzima, ila nimechoka.

Umefunga maji ya baba? Kati ya vyote alivyoacha, maji yale ndiyo yanayomwombea mpaka leo. Imamu kampigia Pakde, Pakde kanipigia mimi nikiwa kazini, mbele ya mkubwa wangu.

Kama kompyuta na maji ya baba haviwezi kukaa nyumba moja, itatoka kompyuta. Nimeshampa Bagas neno langu. Atakuja Jumamosi na Pakde. Nakuomba sana usimwaibishe mbele ya watu.

Mwanao,
Sugeng


Tahunan
7 Aprili 2019

Sugeng,

Salamu unazo. Goti halijambo, limepata nguvu ya hasira.

Uliniomba nisimwaibishe Pakde wako mbele ya watu. Sikumwaibisha. Watu alikuja nao mwenyewe. Kaja na Bagas, na pikapu, na kamba. Kamba, Sugeng, kana kwamba wanakuja kuchukua ng'ombe. Nikawapa kwanza wali na pindang ya samaki, wasije wakasema nimewatukana wakiwa na njaa. Walipokwisha kunawa, Pakde akasema, "Shemeji, mwanao ameshatoa neno."

Nikamwambia, "Neno kalitoa Penang. Kompyuta iko Tahunan."

"Shemeji, usilete ubishi. Chombo kinajizima adhana ikilia, halafu mnawanyima waumini maji kwa ajili yake."

"Maji yapo. Nenda kayafungue mwenyewe, yote. Halafu urudi uone."

Wewe ulidhani tumemfungia baba yako maji yake. Ilikuwa asubuhi moja. Mchana huohuo Wening aliyafungua, akakaa chini akatafuta njia nyingine, akaipata. Ipo programu ya kuiambia kadi isile kupita kiasi. Kaipunguzia mlo. Michoro inachelewa kidogo kutoka, basi, hakuna zaidi. Lakini hilo sikumwambia Pakde. Nilitaka alione.

Akaenda. Akafungua koki zote za msikiti, Bagas akaongeza na ya chooni. Pampu ikaunguruma kama lori linalopanda mlima. Taa ikafinya jicho. Na sisi sote tumesimama, na Bu Tumini dirishani, tunatazama mlango wa Bu Lisna unageuka kwenye kioo, taratibu, ua kwa ua, wala haukujali.

Pakde akasema, "Hii ni bahati."

Nikasema, "Kaifungue tena bahati."

Kafungua na kufunga mpaka imamu akaja kulalamika maji yanamwagika. Bagas akamsogelea Wening, anadhani sisikii. "Dada, na yangu inajizima nikicheza."

"Ilete," Wening akamwambia. "Kamba iache nyumbani."

Pakde hakucheka. Alisema neno ni neno, akaanza kuingia ndani. Nikavuta kiti changu nikakaa katikati ya mlango wa chumba cha Wening. Mwili wangu unaujua, hapiti mtu. Akanitazama, nikamtazama. Akaomba chai. Akanywa, wakaondoka na pikapu lao tupu.

Sasa nisikilize wewe. Unasema uko katika nafasi ya baba yako. Baba yako alipokufa hakuacha nafasi wazi kama za kiwandani, watu wakapeleka maombi. Mimi nilikuwepo na bado nipo. Na Wening hatashona viatu Mayong. Kushona viatu si aibu. Mimi mwenyewe nimepiga msasa milango ya watu mpaka alama za vidole zikafutika, na ninyi mkala. Ndiyo maana nasema. Milango yeye ataichora.

Kasirika ukipenda. Ukimaliza, andika.

Mama yako


Tahunan
21 Aprili 2019

Sugeng,

Salamu kutoka kwetu wote. Natumaini ukimya wako si wa ugonjwa.

Wening amekabidhi milango yote, nakutumia picha. Bu Lisna kaiangalia mmoja mmoja, akauliza ataanza lini kuchora vitanda. Ndivyo alivyosema, "lini", hakusema "kama". Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mkoba wangu, nikajifanya natazama dari.

Nakuandikia ujue tu. Si kwamba nakubembeleza.

Mama yako


Bayan Lepas
27 Aprili 2019

Mama yangu,

Assalamu alaikum. Si mgonjwa. Nilikuwa sijui niandike nini.

Picha nimeziona. Yule aliyeanza kuniita kaka wa jini ameutazama mlango wa maua kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mdogo wangu anaweza kumchorea wa kwake, anajenga nyumba kwao Kudus. Nikamwambia ana kazi nyingi, asubiri.

Pakde nimempigia. Nimelirudisha neno langu. Alinisema sana.

Mama, hebu muulize Wening hiyo pawa saplai inatakiwa iwe ya wati ngapi. Huku zinauzwa, na mwenzangu anarudi nyumbani kabla ya Idi. Kadi nzuri kama ile haifai kulishwa nusu sahani. Lakini muulize kiujanja. Usiseme ni mimi.

Mwanao,
Sugeng


Tahunan
27 Aprili 2019

Sugeng mwanangu,

Waalaikumu salamu, tu wazima.

Wati mia sita na hamsini. Anasema ziwe za kweli, zisiwe za kuandikwa tu kwenye boksi.

Kuhusu kutosema ni wewe, umechelewa. Barua yako niliisomea barazani, kwa sauti.

Mama yako