Tai Wasioonyeshwa Uso

Ijuganyondo, Bukoba
12 Aprili 1970

Baba Jovita,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, Jovita amepona kikohozi. Wewe je, na hao wenzio wenye mabawa?

Ulisema Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, amekuajiri hadi Pasaka tu, mrudishe tai waliotoweka milimani tangu enzi za Mjerumani. Pasaka imepita. Kwenye shamba la ujamaa balozi wa nyumba kumi ananiuliza, “Mumeo yuko wapi?” Namjibu analea, watu wanacheka. Tai wanakatiwa nyama kila siku, sisi kwenye kibanja chako cha migomba tunakula ndizi na maharage. Nasema wazi, naona wivu. Ungekuwa na mwanamke huko ningejua pa kumshika.

Mkeo,
Mama Jovita


Ngenge, Muleba
30 Aprili 1970

Mama Jovita,

Milele amina. Mimi mzima, ila mgongo.

Wivu wa nini? Makinda yenyewe, yote matatu, hayanijui. Nayasukumia nyama nyuma ya mkeka, hata kukohoa siruhusiwi. Tai akizoea uso wa mtu hawindi tena. Atashuka kijijini kuomba, apigwe mawe. Yakiruka mwezi wa saba narudi nyumbani. Njoo unitembelee, roho yako itulie.

Mumeo,
Baba Jovita


Ngenge
19 Julai 1970

Mama Jovita,

Natumaini mlifika nyumbani salama baada ya kunitembelea mwezi uliopita. Mimi si mzima sana.

Jumatatu tulifungua banda. Tai wawili waliruka wakapotea nyuma ya majabali, nikalia mbele ya Bwana Nyama bila haya. Wa tatu, yule jike, alitua mbele ya Georgina, jirani yetu wa huku, akapanua mdomo alishwe. Georgina alikuwa amevaa kanga nyekundu kama ile uliyovaa ulipokuja.

Nilipokwenda kuteka maji, ulifanya nini?

Bwana Nyama anasema huyu haachiliki tena. Atakaa bandani mpaka afe, nami nimlishe. Tai huishi miaka mingi, mke wangu.

Baba Jovita


Ijuganyondo
2 Agosti 1970

Baba Jovita,

Sisi wazima wa mwili tu.

Nilimlisha kwa mkono, kila ulipokwenda mtoni. Nilitaka kiumbe kimoja huko kijue kwamba una mke. Nikakupoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Kibanja nimemwachia mama yako. Mimi na Jovita tunakuja kuishi huko. Ila nyumba uijenge mbali na banda la yule jike, mlango utazame upande mwingine.

Mkeo,
Mama Jovita