Gauni la Sundus Limeelekea Busia

Afnan,

Wali umo kwenye hotipoti, mchuzi upashe. Maji yakija, jaza mitungi yote kabla watu wa juu hawajayamaliza. Usinisubiri kula. Nimekwenda Nakuru.

Gauni la Sundus haliko njia ya Malindi. Asubuhi ulipotaka kulipeleka kwa ile kampuni ya vifurushi uliyoichagua, nilikupokonya mfuko nikasema mimi simpi mzigo mtu nisiyemjua. Nikampa Zaid, dereva wetu wa miaka yote. Nikamuuliza hali ya mamake, ya wanawe, hata ya goti lake. Nisimuulize leo basi lake linakwenda wapi! Kumbe wamembadilishia njia, anaelekea Busia. Jina la Malindi ameliona kwenye mfuko akiwa tayari Naivasha, ndipo akanipigia. Ataniachia stesheni ya Nakuru.

~~Na wewe pia ungenikumbusha nimuulize.~~ La. Hukupewa nafasi ya kusema.

Nikiupata mfuko nitaupeleka kwa kampuni yako hiyo, wana ofisi hukohuko. Nitakupigia unielekeze. Nielekeze taratibu, na usinicheke. Nikaha ya Sundus ni Ijumaa, na zile shanga umezishona Ramadhani nzima mpaka macho yakawa mekundu. Likichelewa, Sundus nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi.

Dirisha la jikoni lifunge, yule paka.

Ulipokuwa ukitoka ulinipa shikamoo, nami kwa hasira nikanyamaza. Marahaba, mwanangu.

Mamako