Bei Kamili ya Betri

Kakuma, 9 Machi 2025

Kwa Apa mpendwa,

Ejok. Nakusalimu nikitumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba mkono wa kulia wa Mama bado unashika kikombe bila kutetemeka. Mimi sijambo. Joto la huku ni lile lile, na kazi ya kufunga sola haijapungua.

Nakuandikia kuhusu chumba cha chini. Ulikichimba mita moja na nusu ardhini ili Mama apate ubaridi, na tangu apooze upande wa kushoto hakuna mahali pengine Lodwar panapomfaa. Lakini mto Turkwel ukipanda, maji huchimbuka chini ya sakafu. Kinachomlinda Mama ni shimo la pembeni na pampu inayoyatoa maji hayo nje, na pampu hiyo inategemea umeme wa mtaa. Umeme ukikatika, ni chuma tu. Wewe husikii tena, na yeye hawezi kusimama.

Naomba tuweke betri pamoja na inveta ya kuendeshea pampu. Pontien, fundi ninayefanya naye kazi, anazo zote mbili kwa shilingi elfu hamsini na mbili.

Binti yako,
Akai


Lodwar, 13 Machi 2025

Kwa binti yangu Akai,

Salamu zako zimefika pamoja na sukari, kwa mkono wa Ekuru wa basi. Mama yako anakunywa uji na kutukana vizuri, jambo ninalolihesabu kuwa afya. Mimi ni mzima, ukiondoa masikio.

Ombi lako nimelitazama kama nilivyotazama ramani kwa miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya upimaji. Mwaka jana niliandika kila mara umeme ulipokatika: mara hamsini na nane, kwa wastani wa dakika arobaini na moja. Pampu ikizimwa, shimo hujaa kwa saa tatu na robo. Nilipima mwenyewe kwa fimbo. Dakika arobaini na moja hazizishindi saa tatu na robo. Kwa hiyo betri haihitajiki.

Nilipomsomea Mama yako barua, aliuliza jambo, nami nikamwomba alirudie ili nisikosee kuisoma midomo yake: “Huyu Pontien ndiye yule Mrundi wa Krismasi?”

Ndiye?

Apa yako,
Epuyo


Kakuma, 19 Machi 2025

Kwa Apa,

Nashukuru kusikia kwamba Mama anatukana. Mimi nilikuwa na homa siku mbili, imekwisha.

Hesabu yako ni safi, lakini imesimama juu ya dhana ambayo hukuiandika: kwamba umeme na mto havijuani. Vinajuana, Apa. Nguzo zinazoleta umeme mtaani kwetu Nakwamekwi zimepandwa ukingoni. Siku mto utakapopanda ndiyo siku nguzo zitakapolala. Na lile shimo ulilipima mwezi gani? Kama ni Januari, ulipima mchanga mkavu.

Nilimweleza Pontien kuhusu wastani wako. Akacheka: “Papa yako iko na hesabu mingi, lakini maji haikusoma.”

Ndiyo, ndiye wa Krismasi. Alikusalimu kwa mikono miwili, ukamwuliza kama kwao kuna ngamia.

Elfu hamsini na mbili nimezilipa kutoka kwenye mshahara wangu. Ekuru atakuletea mzigo Jumamosi. Usiulaze chini.

Binti yako,
Akai


Lodwar, 29 Machi 2025

Kwa Akai,

Tu wazima. Kuhusu Januari, umenipata. Nimeandika kosa hilo kwenye daftari langu kwa wino mwekundu. Mzigo umefika, na sijaufungua.

Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme hapa mjini nikiwa na namba zilizobandikwa kwenye sanduku. Betri kama hiyo na inveta kama hiyo, bei yake ni shilingi laki moja na elfu ishirini na moja. Fundi wako amepoteza elfu sitini na tisa bila kulalamika. Fundi hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mkwe.

Unajua desturi yetu, lakini nitaiandika ili isiwe dhana. Mwanamume akiingiza kitu cha thamani katika boma la baba wa msichana, na baba akakiacha kikae, mambo yameanza. Mifugo huja na watu, watu huja na maneno, na maneno hayo hukubaliwa au hukataliwa mchana, mbele ya wote. Kitu hiki kimekuja peke yake ndani ya sanduku. Ndugu zangu wa Lowarengak wataniuliza: “Epuyo, mahari ya Akai ilikuja kwa waya?” Nitawajibu nini?

Nitakirudisha. Nimemweleza Mama yako, naye akasema: “Rudisha, kisha maji yakija unibebe mgongoni.” Nina miaka sabini na miwili, na bado anajua mahali pa kunichoma.

Apa yako,
Epuyo


Kakuma, 5 Aprili 2025

Kwa Apa,

Salamu kwako na kwa Mama. Sitazirefusha leo.

Nilijua bei haikuwa kamili. Nilimwambia Pontien aiandike yote, akakataa: “Mama yako si mteja.” Ni kweli anataka kunioa, na ni kweli sijamkatalia. Lakini hakuituma betri ianze mazungumzo kwa niaba yake. Aliituma kwa sababu nilimweleza jinsi Mama anavyolala, godoro likiwa sakafuni ili asianguke.

Madereva wanaotoka Kitale wanasema huko milimani mvua haikatiki. Maji hayo yote njia yake ni Turkwel. Nakuomba kama binti, si kama fundi: ifunge kwanza, kisha tugombane mwaka mzima ukitaka.

Akai


Lodwar, 11 Aprili 2025

Kwa Akai,

Betri imepanda basi la leo asubuhi. Mto uko chini ya ukingo kwa mita moja na sentimita kumi, nimepima. Kesho nitakaa nikuandikie hesabu mpya, safari hii kwa mchanga uliolowa, pamoja na njia nyingine ya kumlinda Mama yako isiyopitia kwa Pontien.

Apa yako


Kakuma, 15 Aprili 2025

Apa,

Betri imefika. Barua uliyoahidi haijafika. Tangu Jumamosi hakuna basi lililotoka Lodwar, na watu wanasema Nakwamekwi imeingia maji. Namba ya jirani yetu Ebenyo haipatikani. Nimeshapiga mara nyingi kiasi kwamba simu inanionea aibu. Barua hii anaibeba mtu atakayeshuka barabara ilipokatika na kuvuka kwa miguu.

Sihitaji hesabu. Andika neno moja.

Akai


Lodwar, 17 Aprili 2025

Kwa binti yangu,

Mama yako yu hai. Naanza na hilo kwa sababu barua zangu zina tabia ya kuchelewesha lililo la kwanza.

Jumamosi, saa nane mchana, anga ya Lodwar haikuwa na wingu hata moja. Nilikuwa chumba cha juu nikikuandikia ile hesabu. Umeme ulikatika nisijue, kwa kuwa mchana sihitaji taa, na ngurumo ya pampu siisikii hata ikiwapo. Mama yako aliita. Kisha akagonga ukuta kwa kikombe cha bati mpaka kikapinda. Nilikuwa juu yake, mita tatu, nikigawanya namba.

Ebenyo alikuwa kwenye kinu cha unga. Kinu kilipozimika alisubiri kidogo, kisha akaamua kurudi nyumbani, akasikia kikombe kutoka barabarani. Aliingia bila hodi, akanishika bega, nikasoma midomo yake: “Mzee, maji imeingia kwa mama. Wewe unaandika nini?”

Maji yalikuwa yamevuka godoro. Mama yako alikuwa amejivuta kwa mkono mmoja hadi kwenye mguu wa meza, ameinua uso, na maji yalikuwa yakimgusa kidevu. Hakunitazama. Tulimbeba, Ebenyo kichwani na mimi miguuni.

Nimemhoji Ebenyo na mwenye kinu. Tangu umeme ukatike hadi tulipomtoa ni dakika arobaini. Ni dakika moja pungufu ya wastani wangu.

Sasa analala nyumbani kwa Ebenyo, kwenye joto. Ana kikohozi lakini anakula. Jana alisema: “Karatasi zako zimekauka?”

Mwambie Pontien aniandikie bei kamili, kwa mkono wake, bila kupunguza shilingi.

Apa yako,
Epuyo


Lodwar, 6 Mei 2025

Kwa Akai,

Ejok. Kikohozi cha Mama yako kimekwisha, na amerudi kwenye kutukana. Karatasi ya Pontien nimeipata. Namba zake zinalingana na za dukani, na mwandiko wake ni mzuri kuliko nilivyotarajia.

Ekuru anakuletea shilingi laki moja na elfu ishirini na moja. Elfu sitini na tisa mpe Pontien. Elfu hamsini na mbili ni zako, usizikatae. Zimetoka kwa ngamia jike mmoja na mbuzi wanne. Mama yako anasema hajawahi kuona ngamia mwenye waya.

Irudisheni betri. Pontien aje kuifunga mwenyewe, na kwa kazi hiyo nitamlipa kama fundi yeyote. Mama yako hatateremka ngazi zile mpaka nimezima umeme kwa mkono wangu na yeye ameiona pampu ikizunguka. Hilo ni sharti lake, na ni la haki.

Kazi ikiisha, nyumbani kwangu hakutakuwa na kitu cha Pontien hata kimoja. Ndipo aende, kisha arudi siku nyingine, mchana, na watu wake na maneno yake. Sijui nitamjibu nini. Lakini nitamkalisha mbele yangu, penye mwanga, niione midomo yake vizuri.

Apa yako,
Epuyo