Kilo Mbili za Maji

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, za wifi yako na za watoto, ambao sasa wanainama kupita mlango wa jikoni na bado wanauliza chakula kiko wapi. Sisi ni wazima. Nawe je? Ile mashine ya kusafisha damu inakutendeaje? Shemeji aliniambia kwamba siku hizi ukirudi hospitali unalala kidogo tu, kisha unaamka kugombana na jirani kuhusu kuku wake. Nilifurahi sana. Siku dada yangu anapoacha kugombana ndipo mimi hukosa usingizi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, kwenye simu hunipi nafasi. Nikiwa kwenye sentensi ya pili, wewe umeshanijibu ya tano. Karatasi haikatizwi, basi vuta mto, ukae vizuri, unisikilize.

Najua yanayosemwa kuhusu kukonda kwangu. Shangazi ameshanipa mke wa pili. Shemeji anadhani nina sukari. Wewe ulimwambia wifi yako anichunguze mifukoni. Nami nikawajibu wote kwamba ni presha tu, daktari kasema nipungue. Si presha, dada. Unakumbuka siku ile daktari wa figo aliposema damu yangu na yako zinapatana kabisa, lakini kwa mwili nilionao hawezi kunilaza kwenye meza yake? Ulifurahi mpaka ukapiga makofi. Ukasema mbele ya ukoo mzima kwamba tumbo langu limefanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu lianze kuota. Ukasema huchukui figo ya mtu mwenye mke na watoto, kwamba jambo likiharibika utamtazamaje wifi yako usoni, na kwamba nisithubutu. Niliinamisha kichwa, ukadhani nimekubali. Kumbe daktari alikuwa ameniambia neno jingine pembeni: nikipungua, nirudi.

Nimethubutu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hadi nikaanza kujisifu. Niliacha soda. Niliacha kumalizia sahani za watoto, kazi niliyoifanya kwa uaminifu tangu wazaliwe. Nikawa naenda karakana kwa miguu, wale waliozoea kuniona garini wakiniuliza kama limeibiwa. Mizani niliinunua nikaificha karakana, nyuma ya marobota ya sponji, ili nyumbani wasijue. Basi hapo ndipo akili yangu iliponiaga. Nilijipima nikifika asubuhi, nikajipima kabla ya kula, nikajipima baada ya kula, kisha jioni nikajipima tena kuona kama mchana mizani ilikuwa inasema kweli. Ikishuka kidogo, nilipiga mluzi siku nzima. Ikipanda kidogo, nilipigilia misumari kwenye makochi ya watu kana kwamba makochi ndiyo yaliyonikosea. Siku moja yule seremala anayenitengenezea fremu alifunua pazia akanikuta nimesimama juu ya mizani nikiwa na chupi tu, nimebana pumzi, maana niliamini pumzi nayo ina uzito. Akauliza kama najipima au nasubiri kupakwa vanishi. Tangu hapo mteja akilalamika kwamba kochi ni zito, seremala humwambia afungue zipu ya mto, huenda fundi amejificha ndani.

Wiki ile niliyotakiwa kurudi hospitali, seremala huyohuyo alihamia nyumba yake mpya, akatualika. Dada, nilijizuia, lakini si sana. Nyama ilikuwa ya kuchoma, imekolea chumvi, na karanga zilikuwa karibu na mkono wangu mno. Asubuhi nikapanda mizani. Kilo mbili zimeongezeka. Nikashuka, nikapanda tena. Nikavua saa. Nikavua pete ya ndoa, Mungu na wifi yako wanisamehe. Kilo mbili zilezile. Nilikaa chini kati ya yale marobota nikahisi kama nimekuuza kwa sahani ya nyama. Miezi yote ile, nikajiambia, imekwisha kwa usiku mmoja, na dada yangu ataendelea kufungwa kwenye mashine kwa sababu mimi sijui kuziacha karanga.

Ndipo nikafanya ujinga ambao sitaki watoto wausikie. Niliacha kunywa maji. Nilivaa koti la mvua juu ya sweta, jua likiwaka, nikawa nahamisha makochi kutoka ndani kwenda nje na kutoka nje kurudi ndani. Wapita njia walidhani nimefukuzwa na mwenye nyumba. Siku ya hospitali ilipofika, midomo ilikuwa imepasuka na kichwa kinavuma, lakini kilo zilikuwa zimeondoka, na nikapanda mizani yao nikitabasamu kama bondia.

Muuguzi wa kitengo cha figo unamfahamu, yule mwembamba mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Hakutazama hata mizani. Alichukua kile kichupa changu cha mkojo, akakiinua dirishani, akanitazama, akakitazama, akaniuliza nimekuja kumpa dada yangu figo au kokwa iliyoanikwa. Majibu ya damu yalipotoka, tabasamu lilinipotea. Figo zangu zilionekana zimechoka. Daktari akasema kwa upole kwamba hawezi kuyapokea majibu kama yale, na kwamba yakirudi hivyo tena, habari yangu itakuwa imefungwa moja kwa moja.

Muuguzi alinipeleka pembeni, akanipa maji, akasimama mpaka nikamaliza. Kisha nikaungama yote, kuanzia nyama hadi koti la mvua. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia mtu hawezi kutengeneza kilo mbili za mafuta kwa usiku mmoja, hata angekula na meza. Chumvi inashika maji, chakula chenyewe kina uzito wake kikiwa bado safarini tumboni, na ukifanya kazi nzito misuli nayo huvuta maji ikijitengeneza. Vyote hivyo vinapita. Akasema nijipime mara moja tu kwa wiki, asubuhi, kabla sijala, halafu nitazame mwezi unaelekea wapi, nisibishane na siku moja. Kisha akaniuliza: dada yako akipanda kilo mbili kati ya siku moja ya mashine na nyingine, huwa unamwambia amenenepa?

Dada, nilishikwa na aibu na kicheko kwa pamoja. Mara ngapi nimekaa kando yako wakikupima kabla na baada? Mara ngapi nimewaeleza wageni, tena kwa kujidai, kwamba yale ni maji tu? Nilijua kila kitu kuhusu maji yako, ila sikufikiri kwamba mimi nami nina yangu. Yule muuguzi akaniambia tofauti ni moja. Wewe unangoja mashine iyatoe. Mimi nina mashine mbili tumboni, bure, na kazi yangu ni kuzipa maji na kuziacha zifanye kazi.

Nikarudi nyumbani nikanywa maji kama ng'ombe. Uzito ukapanda, nikauacha, ingawa niliomba kidogo. Siku zikapita, nikila chakula changu cha kawaida, nikitembea kwenda karakana bila koti lolote. Halafu asubuhi moja nikapanda mizani, na zile kilo mbili hazipo. Zimeondoka zenyewe, bila kufukuzwa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, seremala akachungulia, nikamwambia asikilize, figo ya dada yangu inapiga kazi. Akaenda kuniletea kiti.

Nilipimwa upya. Majibu ni mazuri, dada. Uzito umefika walipotaka, damu ni safi, na madaktari wote wamekubali. Bado kitu kimoja tu: walisema nije na mke wangu, kwa sababu hawampasui mtu ambaye wa nyumbani kwake hawana habari.

Hapo niliogopa kuliko ninavyokiogopa kisu cha daktari. Nilikaa jikoni nikizungusha kikombe, nikaanza na habari za mvua, nikapitia bei ya vitambaa. Wifi yako akazima jiko, akaniambia niseme tu neno figo ili tule. Alijua tangu mwanzo. Alisema mwanamume aliyemaliza sahani siku aliyong'olewa jino hawezi kuacha kuku mezani kwa kuogopa presha. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kumwachisha kuku, na mtu huyo ni wewe. Kumbe wifi yako ndiye aliyekuwa akipunguza mafuta na chumvi kimyakimya, mimi nikidhani ulimi wangu umezeeka. Tulikwenda pamoja, akauliza maswali mpaka daktari akaomba kiti. Kisha akatia saini kabla yangu.

Sasa amesimama nyuma yangu, anasoma ninachoandika na kunisukuma bega. Anasema nikuandikie hivi, bila kupunguza: Wifi, uliuliza utanitazamaje usoni. Utanitazama ukiwa umekaa mezani kwangu, unakunywa maji glasi nzima, bila mtu kukupimia. Na usijifanye unakataa kwa ajili yangu. Huyu mume nimempunguza kwa jasho langu. Ukimkataa nitakuletea umlishe wewe.

Kilichobaki ni neno lako, dada, na safari hii liwe fupi. Msalimie shemeji, umwambie sina sukari. Msalimie shangazi, umwambie yule mke wa pili amenikataa. Na kuku wa jirani wasalimie pia, wapumzike kidogo.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekutunzia figo yako mpaka uje uichukue.