Maswali Niliyomtafsiria Baba

Zombe, Jumanne, 14 Agosti 1990

Leo nitaandika yote, hata ya aibu.

Daktari wa utafiti alifika kwetu. Anatafuta watu waliobaki na mshtuko moyoni, awapime kwa maswali kisha awatibu. Baba anajua Kikamba tu, kwa hiyo nikaombwa kutafsiri. Nilifurahi sana. Tangu wezi wa ng'ombe wampige Baba Mdogo risasi mbele yake, Baba hulala na panga, na mlango ukigongwa hutetemeka mwili mzima.

"Muulize kama huota ndoto mbaya."

Baba alinitazama. "Mwambie nalala kama jiwe."

"Je, hulia?"

"Mwiitu, binti yangu, mimi ni mama yako?" Majirani waliokuja kusikiliza wakacheka.

Swali lililofuata lilihusu yeye na Mama kitandani. Sikuweza kulitamka. Kwetu binti hamuulizi baba yake mambo hayo. Baba aliona haya usoni mwangu, akainuka. "Mwambie mgeni nimepona. Ninachoogopa ni wewe, mwanangu, na maswali haya."

Majibu yake niliyatafsiri neno kwa neno, kama tulivyofundishwa shuleni. Daktari akajumlisha alama, akasema Baba si mgonjwa, hatamtibu.

Jioni nilimkuta Baba kando ya zizi tupu, ameziba masikio. Hapakuwa na kelele yoyote. Mama amechoka. Sioni mwingine wa kutusaidia, na daktari anaondoka kesho asubuhi.

Nitamwahi barabarani nimuulize hili tu: Daktari, Baba akiulizwa na mwanamume wa rika lake, mimi nisiwepo, utakubali kumpima tena?