Sura ya Kavira mu Sheneti ya Mwamikazi

Beni, Yenga, siku ya kanisa

Mama wangu mupenzi,

Ninakusalimia mu jina la Bwana. Magoti yako inaendelea namna gani? Na baridi ya kule Kirumba, iko inakuachilia usingizi? Siye huku tuko bazima, batoto banasoma. Mimi tu njo kichwa kinaniwaka, juu ya Kanyere, dada mukubwa wa bwana yangu, mwenye anaishi na siye. Amenichokesha, Mama!

Unakumbuka ile sheneti ya zahabu ya kuvaa ku shingo, yenye Mwamikazi, muke wa mwami wetu, alikupa, ile ya kafuniko kadogo, na picha ya binti yake Kavira ndani. Ulinivalisha siku ya ndoa yangu, ukasema: «Huyu mulinyonya pamoja, juu mama yake alikosaka maziwa. Kavira alikufa kabla ajue kutembea.» Basi. Hukuongeza kitu.

Kanyere akaichukua mu sanduku yangu bila kuniomba, anaenda nayo ku harusi, Butembo. Aliporudisha, nafungua: Kavira hayuko! Ni picha ya Kanyere mwenyewe, na rangi ya rouge ku midomo, anachekelea.

— Mutoto iko wapi?

— Mutoto gani? Ile picha ya zamani? Fundi wa zahabu aliitoa. Lakini sasa inapendeza, hapana?

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Butembo, na ile barabara unaijua. Fundi akaniangalia sawa vile ninatafuta ganda la ndizi: «Maman, takataka tulishachoma.» Nikarudi na vumbi mpaka mu meno. Bwana yangu naye ananiambia: «Achana nayo, ni karatasi tu.» Karatasi! Ile siku yeye na dada yake balikula chakula ya baridi.

Basi, juma hii Mwamikazi mwenyewe amefika Beni, juu ya matibabu ya macho yake. Akauliza nyumba yangu. Ananikuta napura maharagi, kitambaa kimeanguka ku shingo. Akasema: «Nionyeshe Kavira, kabla macho inizimikie.»

Ningefanya nini? Nikamupa sheneti, nikamuelezea yote. Kanyere alikuwa pale, anajifanya kuangalia sufuria. Mwamikazi akaleta kafuniko karibu na pua, akatoa ile picha na kucha, akamunyooshea Kanyere: «Chukua sura yako, mama. Yangu ulishatupa.» Kanyere akaificha mu kitenge, akaenda kupuliza moto.

Kiisha akaniita: «Wewe njo ulinyonya naye. Karibia.» Akashika uso yangu na mikono yote mbili, akaangalia paji, masikio, kidevu, polepole.

— Angekuwa mukubwa vile, akasema. Angekuwa anapura maharagi yake.

Tukalia. Akauliza Kavira alikuwa anacheka namna gani ku mugongo yako, juu wewe ulimubeba kuliko yeye. Ile ni wewe tu unaijua. Mama, miaka yote hii umenyamaza! Nimekukasirikia, unisamehe.

Nilimuvalisha sheneti, haina kitu ndani. Yeye atabakia huku mpaka bamupasue jicho. Pasteur wa kanisa mwenye kukuletea barua hii atarudi na gari, panda naye. Usinijibu ku karatasi. Kuja umuambie mwenyewe namna Kavira alikuwa anacheka, na mimi nitakaa karibu, nisikie.

Unisalimie baba mudogo mwenye analinda shamba, na shangazi mwenye anaimba mu chorale, sauti yake isikauke. Kanyere pia anakusalimia, anasema. Mimi nimepeleka tu salamu yake.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Kahindo